Ndovu wa Bastille: Chemchemi isiyotoa hata tone la maji

Msomaji mpenzi, kama chai iko mezani, basi kuna aliyeteka maji yake, akayabeba, akayachemsha. Mkumbuke mtu huyo unaposoma makala haya, kwa maana leo tunazungumza juu ya maji, na juu ya ndovu mmoja wa ajabu aliyeahidiwa kuwatapikia watu maji kwa mkonga wake.

Kisa chenyewe kilianza kwa barua. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu ameniandikia akisema kwamba amesoma kitabu kilichofupishwa cha mwandishi Mfaransa, Victor Hugo, kiitwacho Les Misérables. Humo amekutana na chokoraa mmoja aitwaye Gavroche ambaye hulala ndani ya tumbo la ndovu katikati ya jiji la Paris. "Bwana Mwandishi," anauliza, "wenzangu wananicheka nikisema ndovu huyo alikuwepo kweli. Wanadai ni mambo ya kutungwa tu. Nani mkweli kati yetu?"

Mwanangu, waambie wenzako waache kucheka. Gavroche ni wa kutungwa, hilo ni kweli. Lakini ndovu alikuwepo. Alisimama katika uwanja wa Bastille kwa zaidi ya miaka 30, na watu wakamwona kwa macho yao, wakamzoea, kisha wakamchoka. Na wala hakukusudiwa kuwa malazi ya watoto wasio na kwao. Alikusudiwa kuwa chemchemi ya umma, mahali pa wananchi kupata maji.

Chemchemi ninayoisema hapa si ile ya kububujika yenyewe mlimani. Ni ile ya kujengwa kwa mawe au chuma, inayoletewa maji kwa mifereji na mabomba, ikawekwa njiani ili kila apitaye anywe na kila mwenye ndoo aijaze.

Maji ya kubebwa mabegani

Ili uelewe kwa nini ndovu huyo alitakiwa, yakupasa kwanza uelewe jinsi watu wa Paris walivyopata maji miaka zaidi ya 200 iliyopita. Usidhani kwamba kila nyumba ilikuwa na mfereji jikoni. La hasha! Walioishi karibu na mto Seine waliteka humo humo, mto ambao pia ulipokea uchafu wa jiji zima. Wengine walichota visimani. Wengine walipanga foleni kwenye chemchemi chache zilizokuwepo, ambazo mara nyingi maji yake yalikuwa haba.

Na wale wenye fedha walinunua kwa wachuuzi wa maji. Hao walikuwa maelfu, wengi wao wakiwa wametoka mashambani katika jimbo la Auvergne kuja kutafuta riziki mjini. Kila mmoja alibeba ndoo mbili, akapita mitaani akinadi maji yake, kisha akazipanda ngazi, orofa baada ya orofa, hadi mlangoni kwa mteja. Aliyeishi juu zaidi alilipa zaidi. Ikiwa umewahi kununua maji kwa mtungi, basi hesabu hiyo huna haja ya kufundishwa.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Napoleon Bonaparte aliposhika hatamu za utawala. Na hapa tusimnyime haki yake. Mwaka wa 1802 alianzisha kazi ya kuchimba mfereji mkubwa wa kuyaleta Paris maji ya mto Ourcq, ulio kaskazini mashariki mwa jiji. Kazi hiyo ilisimamiwa na mhandisi Pierre-Simon Girard, ambaye alikuwa ameandamana naye katika safari ya kivita nchini Misri. Mwaka wa 1806 Napoleon, sasa akiwa Kaizari, aliamuru kwamba chemchemi zote za jiji zitoe maji usiku na mchana, na nyingine mpya 15 zijengwe. Aliagiza pia kwamba maji ya chemchemi za umma yatolewe bure.

Maji ya Ourcq yaliwasili Paris tarehe 2 Desemba 1808. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ilikuwa kumbukumbu ya miaka minne tangu Napoleon avikwe taji. Na siku hiyo hiyo, katika uwanja wa Bastille, likawekwa jiwe la msingi la chemchemi mpya itakayozishinda zote.

Uwanja wenye historia

Uwanja wa Bastille si mahali pa kawaida. Hapo ndipo iliposimama ngome na gereza la kuogofya lililovamiwa na wananchi tarehe 14 Julai 1789, siku ambayo Wafaransa huisherehekea hadi leo. Ajabu ni kwamba siku hiyo wafungwa waliopatikana ndani walikuwa saba tu. Hata hivyo, jumba lenyewe lilikuwa alama ya dhuluma, na muda si muda likabomolewa.

Tena ndovu hakuwa wa kwanza kuahidiwa hapo. Tarehe 10 Agosti 1793, serikali ya mapinduzi ilifanya sherehe kubwa na kusimamisha chemchemi penye vifusi vya gereza. Ilikuwa sanamu ya mwanamke aliyekaa kama miungu ya Misri ya kale, akiwakilisha Maumbile, na maji yakimtoka matitini. Rais wa bunge, Hérault de Séchelles, alikinga kikombe akanywa, kisha wajumbe kutoka majimboni wakanywa kwa zamu. Kumbe mama huyo alikuwa wa plasta iliyopakwa rangi ili aonekane kama wa shaba! Plasta na mvua havipatani, naye akatoweka. Mwaka uliofuata Hérault mwenyewe alikatwa kichwa na mapinduzi yale yale aliyoyanywea maji.

Amri ya Kaizari

Napoleon alitaka kitu kisichotoweka. Hapo awali alifikiria kujenga lango la ushindi katika uwanja huo, lakini lango hilo likahamishiwa upande wa pili wa jiji, ndilo Arc de Triomphe tulijualo sasa. Bastille ikaachiwa chemchemi, na chemchemi hiyo, akasema Kaizari, itakuwa ndovu.

Kwa nini ndovu? Majenerali wa kale walikwenda vitani kwa ndovu waliobeba minara mgongoni, na Napoleon alipenda kujilinganisha na wababe wa kale. Isitoshe, wazo la ndovu halikuwa geni Paris. Tangu mwaka wa 1758 msanifu mmoja, Charles Ribart, alikuwa amependekeza jumba lenye umbo la ndovu lijengwe katika barabara ya Champs-Élysées, likiwa na vyumba ndani yake. Wakuu walimkatalia.

Safari hii hakuna aliyeweza kukataa. Amri ya Februari 1810 ilieleza kila kitu: ndovu wa shaba, aliyeyeyushwa kutokana na mizinga iliyotekwa kwa Wahispania, mwenye mnara mgongoni, na maji yatamtoka mkongani. Ilitaja hata siku ya kumalizika: isizidi tarehe 2 Desemba 1811.

Michoro ilionyesha mnyama wa kimo cha mita 24, yaani kiasi cha jumba la orofa nane. Ndani ya mguu wake mmoja mngekuwa na ngazi ya kuzunguka, ambayo mgeni angeipanda hadi mnarani na kuutazama mji wote. Kazi ilianzwa na msanifu Jacques Cellerier, kisha mwaka wa 1812 akakabidhiwa Jean-Antoine Alavoine, kijana wa miaka 30 na ushei. Alavoine alijenga msingi wa mawe, hodhi la duara na njia za maji chini ya ardhi.

Lakini shaba iko wapi? Vita havikwisha. Mwaka wa 1812 jeshi la Napoleon liliangamia katika theluji ya Urusi, na tangu hapo haja ya mizinga ilikuwa ni kupiga, si kuyeyushwa. Alavoine akaona heri atengeneze kwanza mfano, ili watu wajue kinachokuja. Mchongaji Pierre-Charles Bridan akaunda ndovu mzima kwa mbao na plasta, kwa ukubwa ule ule uliokusudiwa, akasimamishwa pembeni mwa uwanja.

Mfano ulipokuwa tayari mwaka wa 1814, mwenye ndoto alikuwa ameanguka. Napoleon aliondolewa madarakani akapelekwa kisiwani Elba. Alirejea mwaka uliofuata, akashindwa Waterloo tarehe 18 Juni 1815, akapelekwa kisiwa cha Saint Helena, ambako alifariki mwaka wa 1821.

Mlinzi mguuni, panya tumboni

Sasa fikiri, msomaji. Kaizari hayupo. Mfalme mpya hataki kumtukuza mtangulizi wake. Fedha hakuna. Lakini ndovu yupo, mkubwa kama mlima, mkonga wake umekauka. Kumkamilisha ni gharama, kumbomoa ni aibu. Basi wakuu wakafanya lile wanalolifanya wakuu wengi wanaposhikwa njia panda. Wakamwacha.

Mlinzi mmoja, Levasseur, aliajiriwa amtunze, na makao yake yakawa ndani ya mguu mmoja wa ndovu. Alavoine naye hakukata tamaa. Mwaka baada ya mwaka aliwaomba wakuu wamruhusu aimalize kazi yake.

Mvua haikungoja majibu. Plasta ilipasuka ikadondoka vipande vipande, na mbao za ndani zikaonekana kama mbavu. Nyasi ziliota miguuni mwake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1820 wakazi wa jirani walikuwa wakilalamika kwamba panya waliofanya maskani tumboni mwa ndovu walikuwa wakitoka na kuvamia nyumba zao. Mnyama aliyeahidiwa kuwaletea watu maji akawa anawaletea panya!

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Hapa mkonga ulikuwa mrefu kuliko nyumba, na tone halikutoka.

Ni rahisi kucheka, lakini jambo hili si la kucheka. Machi 1832 kipindupindu kiliingia Paris. Katika miezi michache kiliua zaidi ya watu 18,000, na walioumia zaidi ni maskini wa mitaa iliyosongamana. Wakati huo hakuna aliyejua kwa yakini kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji machafu. Ni mwaka wa 1854 ndipo daktari John Snow alipolionyesha hilo mjini London, kwa kuwafuatilia wagonjwa hadi kwenye bomba moja la mtaani. Watu wa Paris walikuwa wakizika huku chemchemi kubwa kuliko zote iliyowahi kuahidiwa imesimama kavu mbele yao.

Mwandishi aliyekuwa jirani

Victor Hugo hakuuzulia ndovu wake hewani. Tangu mwaka wa 1832 hadi 1848 aliishi katika uwanja unaoitwa leo Place des Vosges, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu kutoka Bastille. Alipita hapo. Alimwona ndovu akichakaa, na alimwona akiondoka.

Kitabu chake kilipochapishwa mwaka wa 1862, Hugo alimrudisha ndovu katika majira yale yale ya mwaka wa 1832. Gavroche, mtoto ambaye wazazi wake wako hai lakini hawamtaki, anawakuta watoto wawili wadogo wakilia njiani kwa baridi na njaa. Anawanunulia mkate, kisha anawapeleka nyumbani kwake, yaani tumboni mwa ndovu. Wanapenya kwa kitundu, wanalala ndani ya kizimba cha wavu wa waya alichokitengeneza ili panya wasiwatafune. Hajui kwamba watoto wale ni ndugu zake wa tumbo moja. Miezi michache baadaye anapigwa risasi katika ghasia za mwezi wa Juni, akiokota risasi za kuwasaidia wenzake.

Ndiyo maana, mwanangu uliyeniandikia, nafurahi kwamba hukukipita kisa hicho haraka haraka. Hugo alitaka tuone kwamba kitu alichokiagiza Kaizari kwa ajili ya fahari yake kilipata kazi ya maana siku ile tu kilipomfunika mtoto asiye na blanketi. Wewe na mimi tunawajua akina Gavroche. Tunapishana nao tukienda kazini, nao hutafuta pa kujikunyata usiku unapoingia. Tofauti ni kwamba hawana hata ndovu.

Mwisho wa ndovu

Julai 1830 watu wa Paris waliinuka tena, na kwa siku tatu wakamwondoa mfalme Charles wa Kumi. Mrithi wake, Louis-Philippe, akaamua kuwajengea mashujaa wa siku hizo mnara wa kumbukumbu. Wapi? Pale pale Bastille, juu ya msingi uliokuwa umejengewa ndovu.

Na aliyepewa kazi hiyo kwanza ni nani? Alavoine yule yule. Mtu aliyemngojea ndovu wake kwa miaka 20 akatakiwa achore kitu cha kukikalia kiti chake. Alifariki mwaka wa 1834 kabla ya kumaliza, na kazi ikakamilishwa na Joseph-Louis Duc. Mnara wa shaba ulizinduliwa Julai 1840, ukiwa na majina ya zaidi ya watu 500 waliouawa, na kileleni malaika aliyepakwa dhahabu.

Ndovu alibaki pembeni, akiutazama mnara uliochukua mahali pake, kwa miaka sita zaidi. Mwaka wa 1846 akabomolewa. Alikuwa amesimama miaka 32. Hakutoa maji hata siku moja.

Je, hakuna kilichosalia? Kipo. Ukifika Paris siku moja, Mungu akipenda, nenda Bastille uutazame mnara huo vizuri. Usiangalie juu kwenye dhahabu kama wageni wengine. Angalia chini. Lile duara la mawe linaloushikilia ndilo lililokusudiwa kumbeba ndovu. Na chini yake, gizani, hupita mfereji wa Saint-Martin, uliofunguliwa mwaka wa 1825 na unaolishwa kwa maji ya Ourcq. Maji yalifika, msomaji. Aliyekosekana ni wa kuyamimina.

Chemchemi ndogo ndogo

Basi watu wa Paris walipataje maji hatimaye? Si kwa ndovu. Baada ya kipindupindu, gavana wa jiji aliyeitwa Rambuteau aliweka mitaani vibomba vifupi vya kutolea maji, zaidi ya 1,000, visivyo na urembo wowote. Lakini vibomba hivyo ndivyo vilivyojaza ndoo. Baadaye mhandisi Eugène Belgrand aliyatafuta maji safi mbali kabisa. Mwaka wa 1865 aliyaleta ya Dhuis kwa mfereji wa kilomita 131.

Kisha Paris ikazingirwa na majeshi ya Wajerumani mwaka wa 1870, na mwaka uliofuata ikachafuka kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Maji yakawa adimu na ghali, hata maskini wakaona pombe ni rahisi kuliko maji. Tajiri mmoja Mwingereza aliyeishi huko, Richard Wallace, akatoa fedha zake mwenyewe na kuanzia mwaka wa 1872 akawapa wakazi vichemchemi vya chuma vya rangi ya kijani kibichi, vikiwa na wanawake wanne walioshikilia paa dogo. Hapo mwanzo vilikuwa na vikombe vilivyofungwa kwa minyororo. Viliondolewa mwaka wa 1952 kwa sababu za usafi. Vichemchemi vyenyewe bado viko, zaidi ya 100, na mpita njia angali anakinga kiganja akanywa bila kulipa hata senti.

Kimo cha kimoja, kwa vile vikubwa, ni mita 2.7 hivi. Ndovu angekimeza mara nane na bado akabakiwa na nafasi. Lakini mwenye kiu hapimi kimo.

Ahadi ni deni, msomaji mpenzi, na deni la maji halilipwi kwa sanamu. Siku utakapoonyeshwa mchoro wa kitu kikubwa kitakachokuletea neema, ufurahie mchoro, maana hakuna ubaya kuota. Kisha uliza maswali mawili: bomba linapita wapi, na siku gani nilete ndoo yangu?

Nawe mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, nenda kawaambie wenzako kwamba ulikuwa mkweli. Ila usiwacheke. Wakopeshe kitabu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.